Pacha wa kidijitali wa Bukavu: tuanzie wapi?

Swali: Ninafanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kadasta (ofisi ya viwanja), REGIDESO (shirika la maji) na SNEL (shirika la umeme) wana ramani zao, lakini tukizipandanisha kwenye kompyuta hazilingani. Je, tunaweza kutengeneza pacha wa kidijitali wa mji wetu?

Jibu: Ndugu msomaji, mnaweza, ila picha ya majengo ya kuzungusha kwenye skrini iwe kazi ya mwisho. Pacha wa kidijitali ni modeli ya mji inayopokea data mpya kila mara, ili uamuzi ujaribiwe humo kabla ya kutekelezwa mtaani.

Tazameni mteremko wa Funu, huko katika wilaya ya Kadutu, ambao umekuwa ukiteleza polepole kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha picha za ndege za zamani na za setilaiti, ulihusisha kuongezeka kwa mwendo wake na upanuzi wa mji, kwa kuwa ujenzi na mabomba yanayovuja hubadilisha njia ya maji ardhini. Anayepima mteremko haoni bomba, na fundi wa maji haoni kasi ya udongo unaolibeba bomba lake, kwa hiyo data zao zisipokutana hakuna atakayejua mahali pa kuziba kwanza. Jambo hili linagusa maisha ya watu, nami naliona zito kuliko programu yoyote.

Kutolingana kwa ramani mara nyingi hutokana na datumu, yaani misingi ya kupimia mahali, zilizotumika kabla ya GPS, na tofauti inaweza kufika mamia ya mita. Hamisheni zote kwenye WGS 84, datumu ya GPS, kwa viwianishi vya mita vya UTM, ukanda wa 35 kusini. QGIS, programu ya ramani, hufanya kazi hiyo bila malipo.

Kisha andikeni mkataba: kila shirika libaki mwenye data yake, litoe nakala kila mwezi, na kila kiwanja kiwe na namba moja inayotumiwa na wote. Majina ya wenye viwanja na wateja yaondolewe kabla ya kutuma, maana Sheria ya Dijitali ya Kongo (Code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa binafsi.

Kwa urefu wa ardhi, data huru za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, zina chembe (miraba ya ramani) za mita 30 hivi, na kwenye vilima vyetu nyumba kadhaa zilizopandana huangukia chembe moja. Funu itahitaji droni. Anzeni na mteremko huo pekee, na msiongeze mtaa mwingine mpaka nakala za mabomba ziwe zinafika kila mwezi bila kukumbushwa.