Maswali yenu: Mimi wa kuja, naruhusiwa kuuchora mtaa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mchoraji, kwetu Lubumbashi, Dar nimekuja mtu mzima na sasa familia yote iko hapa Sinza. Kazi nilifundishwa na mjomba kulekule nyumbani, zile picha za sebuleni, mamba muntu yule nusu mwanamke nusu samaki, inakale, zile za enzi za Mbelgiji mtu anachapwa viboko, na hizo ndo nimekuwa nawauzia Wakongo wenzangu na wazungu wachache. Sasa nataka kuchora Sinza. Mtaa wenyewe, kwenye ukuta mrefu wa nyumba tuliyopanga, mwenye nyumba hana neno. Nataka iwe kama sherehe maana huu mtaa umenipokea, watoto wangu siku hizi wakiongea Kiswahili cha Lubumbashi ni kwa kunicheka tu. Lakini wenzangu wananiambia nimejisahau, na jirani mmoja kaniambia eti "wewe wa kuja ndo utuchoree mtaa wetu?" alikuwa anacheka lakini sikupenda. Nifanyeje, na rangi gani inadumu ukutani? – Mchoraji, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo jirani kabla hujamjibu muulize kwa upole wazee wake walihamia Sinza mwaka gani. Maana Sinza hii ya nyumba ni ya juzi tu, viwanja vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, watu wakagawiwa wakajenga, Mchaga kaja, Mhaya kaja, Mnyakyusa kaja na mizigo yake, wote wa kuja. Labda Mzaramo ndo angekuuliza hilo swali akawa na haki nalo, na Wazaramo ninaowajua mimi hawana huo muda.

Halafu hapo Sinza si kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy? Konda anapiga kelele "Remmy Remmy shusha" kila siku na abiria wengine waliozaliwa juzi hawajui hata Remmy ni nani. Ni Remmy Ongala, mwanamuziki, mtu wa Kindu huko Kongo, kazaliwa 1947, Dar kafika 1978 kuja kupigia Orchestra Makassy, baadaye ndo akawa na Super Matimila. Akaishi hapo, akachukua uraia, akafariki Desemba 2010, na mtaa ukabaki na jina lake mdomoni. Sasa mtaa uliompa Mkongo kituo cha daladala utamnyima Mkongo mwingine ukuta? Na angalia alivyofanya, hakukaa anaimba jinsi alivyopokelewa vizuri. Aliimba shida za mtu wa chini wa mji huu, umaskini, kifo, magonjwa, mpaka watu wakamuita sauti ya mnyonge.

Ndo maana hilo neno lako "sherehe" limenitia wasiwasi kidogo. Nakuona kabisa unachora mikono miwili inapeana salamu, bendera ya Kongo huku ya Tanzania huku, njiwa juu, chini umeandika ASANTE SINZA. Usifanye hivyo mwanangu. Picha ya namna hiyo inamfaa mgeni rasmi anayepita na msafara, jirani yako hatasimama hata dakika. Mtu anasimama akiona kitu anachokijua. Fundi cherehani wa pale kona anayekuambia njoo Ijumaa tangu mwaka juzi. Mama chapati na mwavuli wake wa kampuni ya simu. Vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki. Maji ya mvua yametuama na mtu kavaa suti kashika viatu mkononi. Hapo watu wataanza kugombana ukutani, huyu ni fulani, hapana huyu ni yule wa saluni, na wewe uko pembeni na brashi yako unasikiliza.

Na kusema kweli wewe una silaha ambayo wachoraji wengi wa hapa hawana. Hizo picha za Lubumbashi, watu wa huko si waliziita ukumbusho? Mtu ananunua anatundika sebuleni, mgeni akija anaulizwa unaona nini pale, hadithi inaanza. Sasa chukua inakale. Kwa wasomaji wasioijua, ni ile picha ya mtu kakimbilia juu ya mti, chini simba anamsubiri, mtini kwenyewe kuna nyoka, akisema ajirushe mtoni kuna mamba. Nichoree inakale ya Sinza! Mtu yuko juu ya mwembe, chini mwenye nyumba kashika daftari la kodi, tawi la juu kuna mkopeshaji, upande wa pili mgambo, na dirishani kwake giza maana LUKU imeisha. Watu watacheka mpaka walie, na Wakongo wenzako wakipita wataijua hapohapo mkono umetoka wapi. Watasema nini tena kuhusu kujisahau.

Lakini hata hao wenzako usiwapuuze moja kwa moja, kuna namna nyingi za kuishi ugenini. Jak Katarikawe alitoka Kigezi, Uganda, akahamia Nairobi miaka ya themanini mwanzoni, akakaa huko mpaka alipofariki 2018, na miaka yote hiyo yumo katikati ya jiji anachora ng'ombe wa kwao, ng'ombe wanapendana, ng'ombe wa ndotoni, na Nairobi ikamheshimu hivyohivyo. Upande mwingine kuna Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, mwaka 1959 kapewa kuta za kanisa kuu la Murang'a kule Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kidonda kibichi kabisa kile, tena si cha kwao. Yeye akachora maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa mpaka msalabani, na watu ndani ya picha ni Waafrika, vilima ni vya hukohuko Murang'a. Mimi binafsi namuona Njau alikuwa na ujasiri kuliko wote, kwa sababu waliokuja kusali ndo wale waliokuwa na uwezo wa kumwambia hapa umekosea.

Haya tuje kwenye ukuta. Mwenye nyumba kakubali, vizuri, akuandikie hata mistari miwili, na umwone mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujapandisha ngazi, wakikukuta tayari umeanza ndo maneno yanapoanzia. Ukichora sura ya mtu anayejulikana muombe, hasa kina mama, na kama atakataa mgeuze mgongo. Angalia pia kijani na njano zisikae karibu sana, watu watakuja kuuliza kama ni ofisi ya chama.

Rangi: subiri masika iishe, ukuta ukauke kweli. Kwangua chokaa ya zamani yote, ziba nyufa, piga praima ya ukutani halafu rangi ya maji ile ya nje, siyo ya ndani ingawa bei yake inavutia. Rangi ya mafuta mnaipenda kwa sababu inang'aa lakini ukuta wa Dar unavuta unyevu kutoka chini, rangi ya mafuta inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, unaona malengelenge halafu inabanduka vipande. Na robo mita ya chini kabisa usiweke sura ya mtu, huko kuna matope ya mvua na mbuzi.

SWALI: Mama, tumebishana kijiweni, eti Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji wa picha zenye jina lake, hakuwa mtu wa Dar? – Msomaji, Tabata

JIBU: Aliyesema hivyo kashinda. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 Tunduru huko kusini, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, ndo akaja Dar kufanya kazi za nyumbani na bustani kwa wazungu. Kuchora alianza 1968, kwenye hardibodi za dari na rangi za kupakia baiskeli, na picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi, walimdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora! Wanafunzi wake wa mwanzo wengi walikuwa ndugu na watu wa kwao waliomfuata mjini, na mpaka leo ukienda pale Oysterbay kwenye ushirika wao ukauliza kwenu wapi, utasikia Tunduru, Masasi, Tunduru tena.