Kabla ya kuuliza apewe nani, tazameni noti

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: mgeni aliyekuja kuwinda akimaliza safari yake, bahashishi ampe nani kwanza, mwindaji bingwa aliyemwongoza au wahudumu wa kambi? Nimelisoma nikiwa Nachingwea nasubiri gari la kwenda Liwale, na kwa kuwa gari limechelewa (wanaoijua njia ile hawatashangaa), nimeandika yote haya kwenye simu. Mtanivumilia kwa urefu.

Jibu la haraka ni kwamba mwindaji bingwa asiwepo kabisa kwenye foleni hiyo. Ana mkataba wake na kampuni, na mgeni anamjua kwa jina hata kabla hajapanda ndege. Bahashishi ni ya wale ambao mgeni anaonana nao siku zote za safari yake, hata zikiwa 21 za kibali cha kuwinda simba, halafu anaondoka hajui mpishi anaitwa nani. Na iende mkono kwa mkono. Huu utaratibu wa kapu, fedha zote zikusanywe kisha mkubwa wa kambi agawe, mimi siupendi. Kapu huwa lina tundu, na tundu huwa upande wa mkubwa.

Nilifanya kazi misimu kadhaa kwenye kitalu kimoja cha uwindaji cha Selous, upande wetu wa Liwale, kabla pori lile halijagawanywa mwaka 2019 na sehemu yake kubwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nilikuwa utingo wa gari la porini: kubeba maji, kukata magogo yaliyoangukia njia, kusukuma gari likizama mchangani. Porini watu wanatembea kwa mstari. Mbele traka, yaani msoma nyayo, nyuma yake mwindaji bingwa, kisha mgeni, kisha askari wa wanyamapori ambaye sheria inataka awepo, halafu mimi na dumu langu. Ukiwa wa mwisho unaona migongo ya wote, na kofia za wote.

Traka wetu alikuwa mzee wa Kingindo, mwembamba, mwenye kapelo iliyopauka mpaka usingejua ilianza na rangi gani. Ukingo wake alikuwa ameukunja kwa vidole miaka na miaka, ukakaa vile alivyotaka yeye: unazuia jua lakini haumzuii kutazama juu mtini. Mkononi alibeba soksi ya mtoto iliyojaa majivu. Kila baada ya hatua kadhaa anaitikisa, linatoka vumbi jeupe, anatazama linakoelekea, anabadili njia. Hasemi neno.

Sasa kuna mgeni mmoja, Mmarekani, mtu mpole tu, alikuja na pama mpya ya rangi ya mchanga, ngumu, pana kama ungo, na mkanda wa ngozi kuizunguka. Kwa rangi hakukosea, maana wapo wanaokuja na bluu, na mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi kupita kiasi. Hata vitambaa vya kuwanasia hushonwa kwa rangi hizo. Hakuja pia na kofia ya mabakamabaka ya jeshi, ambayo raia akiivaa nchini kwetu anajitafutia kesi. Shida ilikuwa upana.

Ilikuwa Septemba, majani yameshachomwa, na tulikuwa tunafuata madume matatu ya nyati yaliyoingia kwenye mianzi. Kila tawi likiigusa pama linatoa sauti ya kukwaruza. Nikiri na sifa yake: tulipita chini ya upupu uliokauka, na katika msafara mzima mgeni ndiye pekee ambaye hakujikuna shingo. Lakini tulipoanza kutambaa, ukingo wa nyuma ukawa unagonga ukosi wa shati, pama inamshukia machoni, na yeye anainua mkono kuisogeza. Inashuka tena, anainua tena. Nyati hakimbizwi na sauti peke yake. Mkono unaonyanyuka juu ya majani unamtosha.

Mzee akaacha kutambaa. Akageuka, akarudi kwa viwiko mpaka alipo mgeni, akampita mwindaji bingwa kana kwamba ni kisiki. Akamvua yule bwana pama yake, akailaza majanini polepole, akavua kapelo yake mwenyewe na kumvisha. Akaibana kidogo kwa vidole viwili ikae sawa. Mimi nyuma huku nikajua leo kazi imekwisha, maana ni nani anamvua mgeni kofia? Mwindaji bingwa alifumba macho tu. Mzee akarudi mbele, kichwa wazi, upara unang'aa jasho, akatikisa soksi yake, tukaendelea. Tulitambaa mpaka magoti yakawaka moto. Mwishoni akasimamisha fimbo za kulengea, mgeni akainuka taratibu, akapiga mara moja.

Usiku ule mchuna ngozi hakulala. Watu hawaijui kazi ile. Masikio ya mnyama yanageuzwa ndani nje, midomo inapasuliwa kwa kisu kidogo, kisha chumvi inasuguliwa kila mahali, kwa mwanga wa taa, na nzi wameshafika. Akichelewa au akiacha sehemu bila chumvi, manyoya yanang'oka, na nyara ya mamilioni inakuwa ngozi ya kutupa. Asubuhi yake mgeni alipopita kupiga picha, alishikana mikono na kila mtu isipokuwa yeye, kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu.

Siku ya kuondoka mgeni aligawa mwenyewe, mkono kwa mkono, kama ninavyopenda mimi. Mzee akapata bahasha, na juu ya bahasha akapata pama. Picha zikapigwa. Mgeni akapanda kindege chake akiwa amevaa kapelo ya mzee, anapunga mkono, anacheka. Hakuiiba. Aliamini wamebadilishana. Mzee alibaki ameishika pama kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mjomba, ina maana kofia yangu imekwenda Marekani?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na noti moja ya dola 100, ile ya zamani yenye kichwa kidogo. Wenzangu wa kambini mnajua kinachofuata. Wafanyabiashara wa Liwale waliigeuzageuza wakamrudishia. Akapanda gari mpaka Nachingwea, hakuna aliyeitaka. Akaenda Lindi mjini, benki wakamwambia kwa adabu kwamba noti za aina hiyo hawapokei. Nauli, chakula, mahali pa kulala. Mwisho aliichukua mtu mmoja kwa bei ambayo siiandiki hapa, maana huyo mtu bado tunasalimiana. Pama aliiuza msimu wa korosho kwa dalali, na nasikia dalali aliringa nayo sana mnadani.

Nimeandika mpaka hapa, na gari bado, nikaona nimejijibu vibaya kule juu. Mkono kwa mkono ndio uliompeleka mzee Lindi kwa nauli yake. Kama fedha zile zingeingia kapuni, mkubwa wa kambi angezihesabu, angeikuta ile mbovu mapema, angemrudishia mgeni wakati yuko bado kambini, au angekwenda nazo mjini pamoja na zake na hasara ingekuwa ya watu kumi na si ya mmoja. Kwa hiyo nasema kapu. Lakini liwe la shilingi, lifunguliwe mbele ya wote, na karatasi ya mgao isomwe kwa sauti, jina na kiasi. Mahali ambapo mkubwa wa kambi hataki kusoma, basi rudini kwenye mkono kwa mkono, na kila mtu akague noti yake hapo hapo bila kuona haya. Habari ya askari siigusi, yule ni mtumishi wa serikali na ana kanuni zake.

Na kwa kuwa mmeuliza nani kwanza: mchuna ngozi. Traka wa pili, ingawa najua traka wengi watanichukia, na kwa mzee yule ningevunja mpangilio huu mara moja.

Mgeni asiye na noti nzuri aache buti zake. Namba tisa inavaliwa na nusu ya kambi, na mwenye mguu mdogo anajaza soksi mbele.