Gurudumu la Nyuma Likigusa Fremu, Ligeuze Kwanza

"Hii itaingia tu, boss," fundi aliniambia, na kweli gurudumu likaingia. Nikamlipa, nikapanda. Nilipofika Jogoo Road nikaanza kusikia shwa, shwa, shwa: taya (tairi) inajisugua kwenye fremu upande wa kushoto. Nikishika breki, mpira mmoja unauma rimu na mwenzake umebaki hewani.

Gurudumu lilikuwa la mtumba, la soko la Gikomba, Nairobi, shilingi 1,500, spoki 36, rimu bado inang'aa. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliangalia nambari ya taya peke yake, yaani kipenyo kwa milimita pale taya inapokaa kwenye rimu: 622, sawa na niliyokuwa nayo, nikadhani nimemaliza. Nambari hiyo ni muhimu, sikatai. Baiskeli za milimani za inchi 26 ni 559, za 27.5 ni 584, na Black Mamba ya inchi 28 kwa kawaida ni 635, haziingiliani. Lakini 622 iko kwenye baiskeli za barabarani na pia kwenye za milimani za inchi 29, na hizo mbili hazina habu (kitovu cha gurudumu) ya upana mmoja. Fremu yangu ya chuma ina nafasi ya milimita 130 pale ekseli inapokaa. Habu niliyonunua ilikuwa ya 135.

Fundi alilijua hilo. Alifungua nati za upande wa kushoto, akachomoa bushi ya milimita 5, ile pete ya kujaza nafasi kwenye ekseli, akaitia mfukoni, akafunga. Habu ikawa 130 na gurudumu likaingia kama siagi. Nilimwona akifanya na nikamsifu moyoni.

Niliporudi kulalamika alisema fremu imepinda. Alikuwa ameshashika kipande cha mbao na nyundo anyooshe. Nikamwambia ngoja kidogo, nikasukuma baiskeli hadi kwa mzee mmoja Kariokor.

Mzee hakupima chochote. Alihakikisha ekseli imekaa hadi mwisho pande zote mbili, maana mara nyingine ugonjwa wote ni huo. Kisha akatoa cheni, akachomoa gurudumu, akaligeuza, gia zikawa kushoto, akalirudisha na kukaza nati kidogo. "Haya, tazama, kijana wangu." Sasa taya ilikuwa imeegemea kulia.

Kama fremu ndiyo ingekuwa imepinda, taya ingeendelea kugusa kushoto hata gurudumu ligeuzwe namna gani. Likihama upande, kosa liko kwenye gurudumu lenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na iliiokoa fremu yangu kutoka kwa yule mwenye nyundo.

Bushi ya kushoto ilipotoka, katikati ya habu ilisogea lakini rimu ilibaki ilipokuwa. Toa milimita 5 upande mmoja, rimu inakuwa nje ya katikati kwa milimita 2.5. Kwa taya nene kama yangu, hiyo inatosha kugusa.

Mzee alinipa njia mbili. Ya kwanza: rudisha bushi, halafu panua fremu taratibu, milimita 2.5 kila upande. Chuma hukubali. Kama fremu yako ni ya alumini usijaribu, wala usimruhusu mtu akujaribie, inapasuka. Ya pili: acha habu hivyo hivyo, vuta rimu kulia kwa spoki. Bushi yangu ilikuwa mfukoni mwa mtu, nikachagua ya pili.

Tulianzia kwenye valvu ili tusipoteze hesabu. Kila spoki ya kushoto tuliilegeza nusu mzunguko, tukazunguka gurudumu lote, kisha kila ya kulia tukaikaza nusu mzunguko. Ukiitazama nati ya spoki kutoka upande wa taya, kukaza ni kufuata mshale wa saa. Ukiitazama kutoka upande wa habu inakuwa kinyume, na hapo ndipo watu wengi huharibu. Baada ya kila mzunguko tulirudisha gurudumu, tukapima kwa rula kutoka rimu hadi mkono wa fremu kila upande. Usikimbilie mzunguko mzima kwa mara moja, rimu itaanza kuyumba kama mlevi. Ilituchukua karibu saa moja, na nusu yake ilikuwa hadithi za mzee.

Njia hii ina gharama yake. Spoki za kushoto sasa zimelegea zaidi kuliko za kulia, kwa hiyo sibebi tena gunia la viazi nyuma, na kila baada ya wiki kadhaa nazibana kwa vidole mbili mbili kusikia kama kuna iliyolegea.

Siku hizi nikienda Gikomba nabeba rula ya shule ya mwanangu. Napima habu kutoka uso wa nje wa nati ya koni moja (ile inayoegemea fremu kwa ndani) hadi wa nyingine, bila kuhesabu sehemu ya ekseli inayochomoza. Wauzaji wananicheka, wananiita mwalimu.