Jibu: Nimekwama kwenye Nagona, niache au niendelee?

Salama ndugu. Unasema riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, uliimaliza upesi, lakini Nagona, riwaya yake nyingine, imekushinda kurasa za mwanzo tu, hujui nani anasema wala yuko wapi. Kwanza angalia unaisomaje. Ukiitafutia kisa kilichonyooka kama kile cha Rosa Mistika (1971), utachoka bure. Nagona (1990) Kezilahabi aliiandika kama njozi. Mimi niliisoma kwa sauti, kama shairi, nikaacha kujiuliza "halafu?". Ni fupi, kwa hiyo ipitie yote bila kusimama hadi kwenye Ngoma Kuu ya mwishoni, ndipo urudi mwanzo. Akina Nietzsche na Freud, wanafikra wa Ulaya wanaojitokeza humo, wasikutishe, wapite tu. Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, ingoje kwanza. Hiyo hata mimi bado naisukuma taratibu. Kwa ladha yangu lakini, Rosa Mistika ndiyo inayouma zaidi.