Kaa pembeni ya mtumiaji, unyamaze

Ukiwauliza wateja wanataka nini, watakutajia mambo mpaka daftari lijae. Ukiwaangalia wakitumia bidhaa yako, utaona mawili matatu tu, na hayo ndiyo yenye kazi. Natengeneza programu za simu, na sijaona utafiti wa soko unaoshinda kukaa pembeni ya mtu mwenye simu mkononi, wewe mdomo umeufunga.

Kufunga mdomo ndiko kugumu. Mama mmoja alikuwa akijaza fomu ya kujiandikisha mbele yangu. Alipofika kwenye nenosiri, kidole kikabaki hewani. Akaiweka simu chini, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaliandika kwenye karatasi kwanza. Kwenye dodoso angejibu kwamba fomu ni rahisi, na wala asingekuwa anadanganya. Tukaliondoa nenosiri, tukabaki na namba ya simu na tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Hakuna mteja aliyewahi kutuomba hilo.

Instagram nayo ilipatikana hivyo hivyo. Kevin Systrom na Mike Krieger walikuwa na programu iitwayo Burbn, imejaa kila kitu: kutangaza ulipo, kupanga kukutana na marafiki, kukusanya pointi, kuweka picha. Walipotazama watu wanafanya nini hasa, wakakuta ni picha. Wakabakiza picha, maoni na kitufe cha kupenda, mengine wakayafuta. Waliitoa Oktoba 2010. Aprili 2012 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1, Instagram ikiwa na wafanyakazi 13.

Watu hupenda kuzitaja hizo bilioni. Mimi navutiwa na kule kufuta, kwa sababu kila kipengele kina mzazi wake ndani ya kampuni: yupo aliyekesha akikiandika, yupo bosi aliyemwahidi mteja mkubwa. Kikao cha kufuta hugeuka msiba (nimekaa kwenye kadhaa). Lakini kinachobaki kitadai matengenezo na majaribio kila toleo, hata kama hakina wa kukitumia.

Kama wateja wako bado ni wachache, usione aibu. Unaweza kuwafikia mmoja mmoja. Mwaka 2009 waanzilishi wa Airbnb, tovuti ambako watu hupangisha nyumba zao kwa wageni, walikwenda New York kupiga wenyewe picha za nyumba za wateja wao.

Basi tafuta mtu wiki hii, mpe kazi moja ya kufanya kwenye bidhaa yako. Akikuuliza, “Sasa nibonyeze wapi?” mrudishie swali: “Wewe unadhani ni wapi?” Kisha andika jibu lake neno kwa neno.