Anza na kufuli moja kubwa

Mkuu, umeuliza kama kila muundo wa data ndani ya kerneli yako (kiini cha mfumo endeshi) uupe kufuli lake (lock, la kuzuia prosesa mbili zisiguse data ileile kwa pamoja) kabla hujaamsha prosesa ya pili. Usijitese. Weka kufuli moja mlangoni mwa kerneli, prosesa moja tu iingie kwa wakati mmoja. Programu za watumiaji zitaendelea sambamba huko nje. Linux 2.0 ya mwaka 1996 ilianza hivyohivyo, na kufuli lile liliondolewa kabisa mwaka 2011. Watu wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, nao walikuwa na lao, wakaliita Giant.

Jasho litakutoka kwenye kuamsha. Kwa x86, yaani prosesa za aina ya Intel na AMD, prosesa ya kwanza inazipelekea nyingine ishara ya INIT ya kuziweka upya, kisha SIPI ya kuziambia zianzie wapi. Inayoamka inaanza katika hali ya biti 16, kwenye anwani iliyo chini ya megabaiti 1, kwa hiyo kodi ya kuanzia iwe imeshawekwa huko. Na kila moja ipewe steki yake (kumbukumbu yake ya kazi ya muda)! Zikitumia moja kwa pamoja, kerneli itaanguka na hutajua pa kuanzia kutafuta.

Halafu, kuzima interapti (ishara zinazoikatiza prosesa kazi yake) hakutoshi tena kulinda data, maana kunazuia prosesa hiyo tu. Bado utazizima, lakini kabla ya kushika kufuli ambalo kishughulikia interapti nacho hulihitaji. La sivyo kitaingia katikati na kusubiri kufuli lililoshikwa na prosesa ileile, milele.

Jaribu kwenye QEMU, programu ya kuigiza kompyuta, kwa -smp 2, yaani prosesa mbili. Ikitulia weka 8, ndipo uanze kulivunjavunja kufuli, ukianzia kwenye kipanga kazi (scheduler, sehemu inayochagua kazi ipi iendeshwe).