Usiiwashe juu ya tairi: stendi ya kujaribia injini uani kwako

Huku Kigoma injini nyingi zinazokuja kufanyiwa ovahoo (kufunguliwa yote na kufungwa upya) zinakuja zenyewe, gari haipo. Gari imebaki Kalya, au Kasulu ndani ndani huko, mwenye mali kaing'oa injini kaipakia kwenye boti au fuso na anakushushia hapo imefungwa kamba. Wewe unafungua, unapeleka kranki kusagwa, unaweka ringi na beringi mpya, unafunga vizuri kabisa. Afu? Unamrudishia mtu injini ambayo hujawahi kuisikia ikiunguruma, anaenda kufungiwa na fundi wa kule, na siku kadhaa baadae simu inaita, fundi mbona inavuja oili nyuma. Hapo sasa mtaanza kulaumiana kwa simu, yeye anasema kazi yako mbovu, wewe unasema fundi wa kule kaharibu, na hakuna anayejua ukweli.

Ndio maana nawashauri vijana wote wanaofanyia kazi nyumbani, kabla hujanunua boksi kubwa la spana za kung'aa, tengeneza stendi ya kuwashia injini. Sio kitu cha kupimia nguvu, hiyo ni mashine nyingine kabisa na bei yake usiulize. Hii ni ya kuisikia injini, kuona presha ya oili, kuona joto na kuona inavuja wapi, wakati bado iko wazi na mkono unafika kila sehemu.

Najua wengi wenu mnaweka injini juu ya tairi la zamani, mnagusisha waya za betri, inawaka, kila mtu anapiga makofi. Acheni hiyo kitu. Injini ikipigwa resi inajipinda upande kwa nguvu, na 1HZ ya Land Cruiser ina zaidi ya kilo 300, ikiamua kulala hakuna mtu wa kuizuia. Na ile stendi ya kuzungusha ya kufungia injini, ile inayoshika kwa boliti nne kwa nyuma, nayo sio ya kuwashia, ile imetengenezwa ibebe injini iliyokufa.

Chuma mimi natumia skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa 3, inapatikana hadiwea za Mwanga hapa mjini bila shida. Msingi uwe mpana kuliko injini pande zote na mrefu kwenda mbele ili rejeta ikae humo humo. Chuma chakavu sikatai ila kuna kimoja usikiguse, chuma cha reli. Utaletewa usiku kwa bei ya kutupa, kizito kizuri kinafaa kabisa, na asubuhi utakuwa polisi unaeleza ulikipata wapi. Miguu niweke magurudumu au nisiweke? Weka kama unapenda, lakini wakati wa kuwasha stendi ikae kwenye miguu ya chuma juu ya zege, magurudumu yawe hewani. Urefu pima kwa sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, chini yake iingie karai la kumwagia oili na mkono wako uzunguke bila kukwaruzika.

Injini ishikwe sehemu tatu, mauntingi za pembeni mbili zikiwa na raba zake, na nyuma ishikwe kwenye beli hauzing, ule mdomo wa mbele wa giaboksi unaofunika flaiwili, yaani gurudumu zito la nyuma ya injini. Hapa kwenye beli hauzing ndipo watu wengi wanakwama kwa sababu injini inakuja bila giaboksi, na stata za Toyota nyingi zinafungwa pale pale, sasa utaishika wapi stata? Tafuta giaboksi mbovu ya injini unazozipokea sana, huku kwetu ni 2L, 3L na 5L za Hiace na Hilux, hizo zinakaribiana mno, kata ule mdomo wa mbele, ubaki nao kama mali ya gereji. Halafu, na hili ndilo nalipenda kuliko yote kwenye stendi yangu, chukua grinda utoboe dirisha upande wa chini wa beli hauzing, lienee vidole vitatu hivi. Injini ikiwaka unamulika tochi mle ukiwa umekaa pembeni, sio usawa wa flaiwili, unaona oili sili ya nyuma kama imekauka au kuna kamstari kanateremka. Kamstari kale ukikaona uani kwako ni kazi ya kufungua flaiwili na kubadilisha sili, basi. Akikaona mwenye gari ni kushusha giaboksi nzima. Vidole na nguo mbali, dirisha ni la macho tu.

Flaiwili lazima iwepo. Kuna mtu aliniletea injini ya otomatiki yenye lile sahani jembamba tu, akitaka tuiwashe hivyo hivyo. Sahani lile halina uzito, uzito uko kwenye kile kikombe cha otomatiki chenye oili, bila hicho injini inatetemeka na sailensi (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta) haitulii, unaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Funga flaiwili ya manyuo, lakini tumia boliti za flaiwili yenyewe maana za sahani zinatofautiana urefu, ndefu ikigonga ndani imekuharibia kazi.

Maji. Nimeona watu wanawasha injini mpya kavu, eti dakika moja tu haina shida. Hedi gasketi uliyoinunua jana haijui habari ya dakika moja. Weka rejeta nzima, feni yenye wavu, na mfuniko wa presha unaofanya kazi, ule ulioandikwa 0.9. Ziwa letu la Tanganyika lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo maji yasiyo na presha yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanachemkia kama 97 hivi, na mtu mwenye mfuniko mbovu anaweza kuilaumu hedi bure. Na themostati msiitoe jamani. Sijui nani aliwafundisha mafundi wa nchi hii kwamba joto la Afrika halihitaji themostati, injini imeundwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 na kitu, ukiitoa inabaki baridi, oili inabaki nzito, na hata ule mtihani wako hauna maana kwa sababu hujaipima ikiwa kwenye joto lake.

Mafuta kwa dizeli ni rahisi, galoni ya lita 5 ikae juu kuliko pampu, filta katikati, na mpira wa marejesho urudi kwenye galoni. Toa hewa mpaka isibaki povu. Galoni ikae upande ambao hauna ekzosi wala betri. Petroli ya karabureta nayo inakubali mteremko wa galoni. Ila injini za petroli za siku hizi, 5A, 3S na wenzake, hizo zinataka wayaringi yote, kontroo boksi, pampu ya umeme yenye presha, kwahiyo mwambie mteja mapema aje na wayaringi yake nzima bila kuikata. Wakikata waya na msumeno mimi sipokei kazi ya kujaribisha, nafunga injini naikabidhi na namwambia ukweli kwamba haijawashwa.

Sasa geji ya oili, hapa usibane pesa. Taa ya oili inakuambia kuna presha au hakuna, haikuambii ngapi. Nunua geji ya mpira inayopokea oili yenyewe, uifunge pale inapokaa swichi ya oili. Angalia nyuzi za boliti, za Toyota ni 1/8 BSPT, geji nyingi za madukani zinakuja na 1/8 NPT ya Kimarekani, kwa macho zinafanana na zitaingia mizunguko miwili mitatu ya mwanzo, ukilazimisha utapasua tundu la bloku. Tafuta adapta.

Kabla ya kuwasha, jaza oili, jaza filta kwanza kama inakaa wima, kisha zungusha kwa stata bila kuwasha. Petroli toa plagi zote na uchomoe koili na pampu ya mafuta, dizeli toa hita plagi na uchomoe ule waya mmoja wa juu ya pampu unaofungulia mafuta. Piga stata sekunde kumi hivi, pumzisha, piga tena, macho kwenye geji. Mshale usipopanda usiwashe, tafuta kwanza. Ukipanda rudisha vitu vyako, washa. Manyuali nyingi za Toyota zinataka injini ikiwa ya moto isishuke chini ya presha ya kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba kwenye sailensi na iwe kuanzia 2.5 hivi kwenda 5 na kitu kwenye mizunguko 3,000. Hiyo 0.3 ni ya injini iliyochoka lakini bado inaruhusiwa kutembea, mimi injini niliyotoka kuifunga ikinipa chini ya 1 ikiwa ya moto simkabidhi mtu, nafungua nione koni beringi, zile za kati ya mikono ya pistoni na kranki, zinasemaje.

Namna ya kuizima ifikirie kabla ya kuiwasha. Swichi ya kukata umeme ikae mahali unafika bila kupita mbele ya feni, na dizeli za pampu hii zikikatiwa ule waya zinazima. Isipokuwa siku moja moja injini inaanza kunywa oili yake yenyewe, sana sana zenye tabo au ukizidisha oili, hapo hata ukikata umeme inazidi kupanda resi tu na haina habari na wewe. Dawa yake ni kuinyima hewa. Kata kipande cha ubao mnene au bati zito linalofunika mdomo wa hewa wote, litundike kwenye stendi kwa kamba muda wote. Sio mkono, sio kitambaa, kitambaa kinavutwa ndani. Na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, mchanga kwenye ndoo ni nyongeza.

Injini ikishawaka muda gani inatosha? Hapa nitagombana na wazee wangu wa kazi, kwa heshima zote. Kuna desturi ya kuiacha injini mpya kwenye sailensi kutwa nzima, eti izoee. Ringi hazikai kwenye silinda kwa kusubiri, zinakaa kwa kusukumwa na presha ya mzigo, na kwenye stendi mzigo haupo. Ukiiacha inanguruma tu, hasa dizeli, silinda inalainika inang'aa kama kioo na ringi hazitashika tena vizuri, injini itakula oili maisha yake yote na mtu atasema ringi ulizoweka ni feki. Mimi kama nusu saa inanitosha, isipokuwa zile injini za zamani za kamshafti ya chini na tapeti bapa, hizo ndio unazishikilia karibu mizunguko 2,000 dakika 20 za mwanzo bila kuishusha. Kazi ya kuzikalisha ringi aende akaifanye barabarani, apande mlima na mzigo wa wastani, asikae resi moja muda mrefu, oili abadilishe baada ya kilomita 1,000.

Ndani ya hiyo nusu saa nafungua macho. Mapovu yanayopanda bila kukoma kwenye rejeta, hedi au gasketi. Moshi mweupe usiokatika injini ikiwa ya moto na wenye harufu ya kulanti, maji yanaingia. Moshi wa bluu ukiendelea baada ya zile oili za kufungia kuungua, oili inaingia. Nachukua video ya simu, geji ionekane, sauti isikike, namtumia mwenye mali WhatsApp. Hiyo video imeniokoa kwenye kesi kuliko risiti yoyote.

Majirani nao ni sehemu ya gereji. Mweleze mwenyekiti wa mtaa kabla, weka ekzosi yenye kizuia kelele hata ya kuokota, usiwashe usiku, na ukiwa Ujiji usiwashe adhana ikiwa inaita. Usiwashe ndani ya chumba hata kama mvua inanyesha, ndani ya ule moshi kuna gesi inayoua na yenyewe haina harufu. Oili chafu iwekwe kwenye dumu, wenye mbao za kuezekea wanaitafuta kwa ajili ya mchwa, ukimwaga chini kwa miteremko yetu hii itaishia ziwani.

Mteja akichelewa kuifuata, usiiache mdomo wazi. Wazee wa hapa mnajua ya Liemba, ile meli ya ziwani, Wajerumani waliizamisha 1916 lakini injini zake walishazipaka grisi nene, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Sisi hatuzamishi, ila unyevu wa ziwa unafika hadi uani. Ziba matundu yote, tia oili kidogo kwenye silinda, izungushe kwa mkono mara moja moja.

Siku ya kuipakia mwaga oili na maji yote, maana kwenye boti italazwa tu hata ukiwaambia wasiilaze, halafu andika kwa rangi nyekundu kwenye mfuniko wa tapeti, herufi kubwa, HAINA OILI HAINA MAJI. Kijitiketi cha karatasi kinaloa kabla hata hawajavuka Kibirizi, pale zinapopakia boti.